Eda ya Mtu Aliye Hai

Watu wa Tshopo, mtaa wetu hapa Kisangani, wanasema mama mkwe wangu alikuwa mchawi. Ningefurahi kama ingekuwa hivyo. Mchawi unamchukia, unamtukana, kisha unalala usingizi wako. Mama Kadidja hakuwa mchawi wala mwongo. Alichokifanya alikifanya kwa moyo safi kabisa, na ndiyo sababu mpaka leo sijui hasira yangu niipeleke wapi. Nyingine nimempa binti yake, Nyota. Nyingine nimempa Mwalimu Jafari, aliyekula pilau letu akaenda zake. Iliyobaki ninaishi nayo.

Niliingia katika nyumba ile mwaka wa uhuru wenyewe, 1960. Mume wangu Feruzi alikuwa fundi cherehani, anashona kanzu za wazee wa Kiislamu na mashati ya makarani, wote kwenye baraza moja. Baba yake, papa Asumani, alikuwa bado hai wakati ule. Mwaka uliofuata askari walimsimamisha barabarani, wakamtaka karatasi ambayo hakuwa nayo, wakampiga. Alifika nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akafa kitandani kabla ya wiki kuisha.

Tangu hapo Mama Kadidja hakukanyaga tena nje ya ua. Alimwondoa Nyota shuleni, binti wa mwisho, akamlaza naye kitanda kimoja. Walikula sahani moja, walifua pamoja, waliswali pamoja, waliogopa pamoja. Mama akisikia hatua nyuma ya nyumba, Nyota naye anazisikia. Mama akisema maji ya kisima yananuka dawa, Nyota anaweka kikombe puani, anakunja uso, anasema ndiyo, yananuka. Mimi nilikuwa nikinywa maji yale yale, nikiitafuta hiyo harufu mpaka nachoka.

Feruzi peke yake ndiye aliyekuwa salama machoni pao. Kilicholetwa na Feruzi kililiwa. Mlango uliogongwa na Feruzi ulifunguliwa. Nilimwambia mara nyingi kwamba mama yake anaumwa kichwani na anamwambukiza mtoto, naye alinijibu kwamba ni huzuni ya papa, itapita. Alimpenda mama yake kupita kiasi. Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa saba 1964 alikwenda Kindu kununua vitambaa. Alipanda treni hadi Ponthierville, na huko akachukua boti la mtoni. Habari za waasi tulikuwa tukizisikia, lakini tangu uhuru hatukuwahi kukaa mwezi mmoja bila kusikia habari. Kisha waasi wenyewe, Simba, wakaichukua Kindu, na baada ya siku si nyingi wakaingia hata kwetu. Ndipo akaja mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye maboti, akatuambia kwamba wanaume wote wa boti lile walishushwa ukingoni wakapigwa risasi. Feruzi umemwona? Hakumwona. Aliona boti. Hiyo ndiyo iliyokuwa maiti yetu, maneno ya mtu aliyeona boti.

Mama Kadidja hakulia. Alimwita Mwalimu Jafari, yule wa msikitini aliyetuozesha, akamwambia amsomee mwanawe.

"Mama, mutu hatujaona maiti yake," Mwalimu alisema. "Tungojee kidogo."

"Utangojea nini, Mwalimu? Ule mutoto iko naniita kila siku. Anataka asomewe."

Na Nyota, pale pale kwenye mkeka, akaongeza kwamba hata yeye anamsikia.

Mwalimu Jafari ni mtu asiyependa kubishana na wanawake watu wazima. Alisoma. Tulikaa matanga, arobaini ikafika, akasoma tena, pilau likapikwa. Nguo za Feruzi ziligawiwa jamaa na masikini. Cherehani yake ikafunikwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia eda tangu siku ya habari: nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, sitoki, na mwanamume asiye ndugu yangu hanioni mpaka miezi minne na siku kumi iishe. Mlinzi wa eda yangu alikuwa Mama Kadidja. Alitandika mkeka wake uani, nyuma ya geti, akakaa hapo kutwa nzima.

Kwa hiyo Feruzi aliporudi, mtu wa kwanza aliyemkuta ni mama yake, naye yuko kazini.

Ilikuwa mwezi wa kumi, baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua pondu, majani ya muhogo. Nikasikia sauti ya mwanamume getini, imekwaruza, sauti nisiyoijua.

"Mama, ni mimi. Feruzi."

"Feruzi gani?"

"Feruzi yako, Mama."

"Yangu alisomewa. Hapa kuko muke mu eda, mwanaume haingie."

Niliacha majani nikatoka mbio. Aliyesimama pale alikuwa mifupa mitupu. Kichwa kimenyolewa, jino moja la mbele halipo, na katikati ya paji la uso ana chale mbichi. Lakini bega la kushoto lilikuwa limeshuka chini ya la kulia, kama linavyoshuka bega la mtu aliyeinamia cherehani tangu ujana wake. Nilimjua kwa bega. Nilimrukia, nikamshika, na nyuma yangu nikasikia Mama Kadidja anapiga kelele kwamba mwanamume amevunja eda ya mke wa mwanawe.

Nyota alitoka ndani. Nakumbuka vizuri alivyofanya. Aliutazama kwanza uso wa mama yake, akausoma, ndipo akamtazama kaka yake. Na alipomtazama alikuwa amekwisha kuogopa.

Feruzi alitueleza yote, na mambo yenyewe hayakuwa na muujiza. Alikuwa ameshuka kabla ya Kindu kwa sababu ya homa. Boti likaendelea bila yeye. Alirudi kwa miguu kupitia msituni, na kwenye kila kizuizi cha Simba mtu asiye na chale zao aliuawa. Akakubali kuchanjwa. Walimkata usoni, wakampaka dawa yao, wakamnyunyizia maji, wakamwambia sasa risasi zitageuka maji juu yake. Kwenye kizuizi kingine, mlevi mmoja alimpiga kitako cha bunduki kooni, na sauti ikaenda. Bunduki ya kwake hakushika hata siku moja. Alichotaka ni kufika nyumbani.

Wakati ule mji mzima ulikuwa ukiamini hayo maji. Watu wenye akili zao, makarani, wanafunzi, waliamini, na hakuna aliyewaita wagonjwa. Kwetu walikuwa wawili tu wanaoamini jambo lao, ndiyo maana likaitwa wazimu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Feruzi amekufa. Huyu ndiye aliyemuua, akamvua sura yake akaivaa, na sasa amekuja kuchukua nyumba, mke na wote waliobaki. Mama Kadidja alilieleza taratibu, bila kupayuka, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni. Palipokuwa na tundu katika hadithi, Nyota aliliziba. Mama alisema chale ni mahali ambapo sura ilishonewa. Nyota alisema ndiyo, hata sauti haijakaa vizuri.

Walimpima kwa maswali. Ulipougua surua, nilikuita jina gani? Feruzi akalitaja. Papa yako aliangukia wapi siku aliyopigwa? Akapataja. Kila alipopata, Mama Kadidja alizidi kuhuzunika, akimgeukia Nyota.

"Unaona vile alimutesa? Mutoto yangu alimuambia yote mbele ya kufa."

Basi Feruzi akachoka, siku moja akajibu hajui. Mama akatikisa kichwa.

"Unaona? Hajui."

Hapo hata mimi nilicheka, kicheko kibaya, nikaenda kulia jikoni.

Tukawa na vyungu viwili katika nyumba moja. Wao walipika chao, wakakaa wakikiangalia mpaka kinaiva. Walimwaga mstari wa majivu mbele ya mlango wa chumba chao. Feruzi alitafuta kipande cha kitenge, akamshonea mama yake gauni bila kumpima, kwa kumbukumbu tu, na lilimkaa sawasawa mabegani na kiunoni. Alidhani mkono wake utamtetea. Mama alilivua, akasema kwamba huyu mtu amempima mwili kwa macho, sasa anataka na sura yake. Wakalichoma uani, Nyota akishika kijiti.

Nilipotaka kuvua nguo zangu nyeupe, Mama Kadidja alikataa kula. Nyota naye akakataa. Siku ya pili midomo yao ilikuwa imepasuka na hawakuwa wamegusa hata maji. Nilikuwa tayari kuwaacha wafe, nasema ukweli. Feruzi ndiye aliyenisihi.

"Uvae tu, Fatouma. Ni nguo. Eda itaisha, utavua."

Nikazivaa. Mume wangu yuko ndani, ninampikia, ninalala pembeni yake, na mchana ninakaa uani na nguo za mjane wake.

Tulimwita Mwalimu Jafari aje aseme neno. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyemzika kwa mdomo, yeye ndiye wa kumfukua. Alikuja, akanywa kahawa, akamsalimu Feruzi kwa jina lake, akasema kisomo alichosomewa mtu aliye hai hakiharibiki, Mungu anakipokea kama sadaka. Alisema vizuri. Mama Kadidja akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, wewe mwenyewe ulisoma. Watu walikula mbele yako. Donc uliwasomea uongo?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema ndiyo, nilikosea, nilisoma haraka. Maneno mawili matatu. Badala yake alirekebisha kofia yake, akasema mama atapoa na wakati, akaniambia nimvumilie. Heshima yake ilimshinda. Nilimfikisha getini bila kumuaga.

Jambo ambalo nataka lijulikane ni kwamba tulikaribia kumpata Nyota. Tulikuwa karibu sana.

Mama Kadidja alishikwa na homa, hakuweza kuinuka, na nguo chafu zilikuwa zimejaa. Ikambidi Nyota aende mtoni, chini ya maporomoko ya Tshopo, na Feruzi akasema atambebea beseni. Kwanza Nyota alimtanguliza mbele kwa sababu alimwogopa nyuma yake. Feruzi hakumwuliza kitu wala hakujaribu kumthibitishia lolote. Alimtania tu. Alimkumbusha alivyokuwa mdogo, alivyoingiza kidole kwenye cherehani na kukishona pamoja na suruali ya karani wa posta, na karani amesimama pale na chupi anangoja. Nyota akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe, akasema, "Yaya, uache basi!"

Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Lilimtoka kabla hajalitafakari. Kisha akalia, na waliporudi niliwaona kutoka mbali, Feruzi na beseni kichwani, Nyota amemshika mkono wa shati kama mtoto anayevushwa barabara. Nilisimama getini nikiomba dua zote ninazozijua.

"Nyota!" Mama aliita kutoka kitandani. "Uko na nani?"

Vidole vikaachia shati.

"Siko na mutu, Mama."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Kabla ya magharibi alikuwa amemwaga majivu mapya.

Lakini sasa tulijua. Feruzi alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota pesa.

"Nyota haiko na ugonjwa yake," aliniambia. "Iko nayo ya mama. Tukimutoa pale kwa mama, itaanguka yenyewe. Alors tukimupata Nyota, atatusaidia kumupata mama."

Dada wa marehemu papa Asumani, tantine Asha, alikuwa ameolewa Isangi, huko chini mtoni, na mfanyabiashara wa samaki. Tungempeleka Nyota kwake. Na haikuwa tena kwa ajili ya amani ya nyumbani tu. Mama Kadidja alikuwa ameanza kuwaambia majirani juu ya ukuta kwamba kwetu kuna mtu mwenye chale aliyemuua mwanawe. Chini ya Simba maneno hayo hayakuwa na uzito. Lakini sote tulijua kwamba askari wa serikali watarudi, na kwamba watatafuta chale. Feruzi angehitaji mtu wa kumsemea. Nani atamsemea, ikiwa mama yake anasema hivyo?

Tuliongea na mwenye mtumbwi. Akakubali, kisha akaja kutuambia haiwezekani, Simba wamechukua mitumbwi na maboti yote na hakuna anayeshuka mto. Tukangoja. Tulikuwa bado tunangoja asubuhi ile ndege zilipokuja, Wazungu wakaanguka kutoka mbinguni na miavuli yao, na mchana askari wa serikali wakaingia kwa barabara.

Walipita mtaa kwa mtaa, wakawakusanya wanaume uwanja wa mpira. Wenye chale walikalishwa upande wao, chini, kwenye jua. Niliwafuata nikikimbia, nilivyokuwa, bila hata kufikiri nimevaa nini.

Ofisa aliyekuwa akichagua watu hakuwa mkali. Ningependa kusema alikuwa mnyama, lakini alikuwa mtu aliyechoka. Alisema kwa Lingala kwamba wengine walichanjwa kwa nguvu, yeye anajua. Anayesemewa na mtu wake ataenda nyumbani. Nikasonga mbele, nikasema, huyu ni mume wangu, ni fundi cherehani, hakushika bunduki. Alianza kuinua mkono amruhusu. Kisha askari mmoja pembeni yake, mtu wa hapa hapa Kisangani, anayezijua desturi zetu, akamnong'oneza kitu. Ofisa akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Yo ozali na matanga," alisema. Uko msibani. "Mobali na yo akufaki. Oyo nani?"

Mume wako amekufa, basi huyu ni nani. Nilieleza. Lo, nilieleza! Kindu, boti, kisomo, mama, kitanda kimoja, majivu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba nasema upuuzi. Siku ile wanawake wengi walikuwa wamekuja kudai wanaume wasio wao, wengine kwa huruma tu. Ofisa akanikatiza. Alisema huyu fundi, kama ni wa hapa, ana mama? Nikasema anaye. Yuko hai? Yuko hai. Basi mlete mama, alisema. Mke anaweza kudanganya, mama hawezi kumkana mtoto wake.

Majirani waliokuwa pale walimjua Feruzi. Niliwatazama mmoja mmoja, nao wakatazama nyasi. Kumsemea mtu mwenye chale ilikuwa kujiweka pembeni yake. Mwalimu Jafari alikuwa amevuka ng'ambo ya mto tangu asubuhi. Nikakimbia hadi Tshopo.

Nilimkuta Mama Kadidja amekaa na Nyota chumbani. Nilisema kwamba yule mtu amekamatwa, nao wakubwa wanataka yeye aende aseme ni nani. Akainuka mara moja. Mwanamke aliyekataa kutoka nje ya ua miaka mitatu alijifunga kitenge chake kizuri, akatafuta viatu vyake. Alikuwa akiingojea siku hiyo. Hatimaye serikali imekuja kumuuliza.

Nilipiga magoti mlangoni.

"Mama, useme tu ni mutoto yako. Hata kama haumujui. Neno moja tu. Banamuua."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo ninayoiota.

"Fatouma, unataka niseme uongo juu ya damu ya Feruzi?"

Njiani nilimwandama Nyota. Kule mtoni ulimwita yaya, nilimwambia. Ulicheka naye. Alifumba macho akaendelea kutembea, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake.

Walimtoa Feruzi katika mstari. Alikuwa amevaa shati lake la bluu, alilojishonea wiki ileile. Alipomwona mama yake amesimama katikati ya uwanja, katikati ya watu, chini ya jua, uso wake ulifunguka wote.

"Mama," alisema, "umetoka."

Alifurahi. Mjinga yule alifurahi kwamba mama yake ametoka nje.

"Mama, oyo mwana na yo?" ofisa aliuliza. Huyu ni mwanao?

"Te," alisema Mama Kadidja. Hapana. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, sauti yake wazi, kila mtu akasikia. "Mutoto yangu alikufa Kindu. Tulimusomea. Huyu ndiye anajua vile alikufa."

Ofisa alikunja uso. Hakulipenda jibu lile, nawaapia, alitaka jingine. Akamgeukia Nyota.

"Na yo?"

Mama Kadidja hakumbana mkono. Hakumwangalia hata kidogo. Nilimwona Nyota anautafuta uso wa mama yake kwa pembe ya jicho, akaupata, akatulia.

"Mama iko nasema kweli."

Sikusikia tena mengi. Nilishika kiatu cha ofisa, nikaondolewa. Feruzi hakubishana nao. Aliniambia kwa ile sauti yake iliyokwaruza, "Fatouma, uwarudishe nyumbani. Barabara iko mubaya leo." Wakampeleka na wengine upande wa daraja la Tshopo. Maiti sikupewa. Na mama yake hakutaka kusikia habari ya matanga, kwa maana matanga yalikwisha kufanyika.

Unajua kilichofuata? Mama Kadidja alipona. Simaanishi akili, namaanisha alinawiri. Hatari ilikuwa imeondoka nyumbani, hivyo akaanza kula, akafagia majivu, akawa anakwenda sokoni mwenyewe kuchagua ndizi za kuponda lituma na kuwasalimu watu waliomkimbia. Ndipo walipoanza kusema ni mchawi. Alisimulia habari ya mwanawe Feruzi aliyefia Kindu, mtoto mwema, fundi hodari, akalia machozi ya kweli. Nilimpikia. Hakuna mwingine wa kumpikia.

Maboti yalipoanza tena kushuka mto, tantine Asha alikuja kutoka Isangi. Aliposikia yote alikaa chini sakafuni na mizigo yake mpaka alasiri. Mama Kadidja hakuweza kumtazama usoni. Tantine alipoondoka alimchukua Nyota kwa nguvu, na Mama Kadidja, kwa kuwa adui hayupo tena, alilia kidogo tu akamruhusu.

Mimi nilikwenda Isangi mvua zilipokatika. Tantine Asha alinipokea bandarini, akaniomba niende polepole na mtoto.

"Ameamuka," alisema.

Nyota alikuwa uani anapanga samaki juu ya moto wa kukaushia. Alikuwa amenenepa. Macho yake yalikuwa yake mwenyewe, hayamtafuti mtu. Nilikaa karibu naye. Aligeuza samaki mmoja, akageuza mwingine.

"Ile siku alivaa shati ya bleu," alisema.

"Ndiyo."

"Yenye alijishonea."

"Ndiyo."

"Fatouma, ilikuwa yaya."

Nilisema ndiyo, ilikuwa yaya yako. Sikumpunguzia. Akaniuliza kama aliwatazama tena alipokuwa akipelekwa, nikamwambia aliwatazama mpaka walipomgeuza. Akafuta mikono yake kwenye kitenge, akanishika magoti.

"Unirudishe kwa mama."

"Kufanya nini?"

"Kule sitamujua tena. Nikilala na mama itarudi, najua itarudi. Kule haiko yaya, ni ule mutu mwingine. Naomba, Fatouma. Hapa iko yaya kila siku."

Alikuwa amesema kweli. Kitanda kimoja, sahani moja, na baada ya muda mfupi angepumzika. Boti lilikuwa linarudi Kisangani kesho yake na nafasi ilikuwepo.

Nilimwambia hapana.

Tantine Asha alinikumbatia, akasema nina moyo mzuri, nimemwokoa binti wa watu asirudi kwenye msiba. Moyo mzuri! Mama yake yuko Tshopo analala usingizi mnono. Mtu mwingine katika ukoo ule lazima ajue ni nani aliyepelekwa darajani. Mimi nimechoka kujua peke yangu.